Daraja la Kwanza kwa Virusi
Wakati wa Uviko-19, mashirika ya ndege yaliwatuliza abiria kwa kusifu vichujio vya HEPA, na sifa hizo hazikuwa porojo: hunasa asilimia 99.97 ya chembechembe, na hewa ya ndani hubadilishwa mara 20 hadi 30 kwa saa. Wodi nyingi zingeitamani hewa hiyo. Tatizo ni kwamba kikohozi cha jirani humfikia mtu kabla hakijafika kwenye kichujio. Machi 2020, kwenye ndege VN54 iliyotoka London kwenda Hanoi, safari ya saa 10 hivi, abiria mmoja wa daraja la biashara alipanda akiwa na kikohozi na maumivu ya koo. Baadaye watu 15 waligundulika kuambukizwa, 12 kati yao wakiwa wa daraja hilohilo la viti vipana na nauli ya kutisha. Barakoa haikuwa lazima. Septemba mwaka huohuo, ndege EK448 iliruka kutoka Dubai hadi Auckland kwa saa 18 ikiwa na abiria 86. Saba walikutwa na virusi wakiwa karantini, wote wakiwa wameketi ndani ya safu nne. Watano walikuwa wamepimwa kabla ya safari na kukutwa salama, na watano walisema walivaa barakoa, hata glavu! Cheti cha kipimo, basi, kisimlegeze msafiri: avae barakoa inayobana vizuri, asiivue pamoja na jirani yake chakula kinapoletwa, na mwenye homa aahirishe safari.