Hitilafu: Neno Lililokuwapo Tayari

Aghalabu mjadala wa istilahi za teknolojia katika Kiswahili huishia penye jina la chombo: kiitwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi? Wino mwingi umemwagika hapo. Kazi inayofanyika ndani ya chombo chenyewe imebaki bila msemaji.

Achukuliwe, kwa mfano, mwanafunzi aliyepanga chumba Ngoingwa, mjini Thika. Ameandika sera ya usalama ya programu inayoendeshwa kwenye Linux: ikishaanza kazi, isifungue faili lolote. Ameandika pia jaribio: programu iombe kufungua faili, nacho kiini cha mfumo kikatae. Kwenye kompyuta yake ya Intel jaribio linafaulu. Kwenye kompyuta nyingine, yenye prosesa ya ARM ya biti 64, faili linafunguka. Sera ni ile ile, herufi kwa herufi.

Chanzo ni namba. Programu hukiomba kiini huduma kwa namba, si kwa jina. Ombi la kufungua faili liitwalo openat ni namba 257 kwenye Intel ya biti 64, lakini ni namba 56 kwenye ARM ya biti 64. Mwandishi wa sera aliandika 257 kwa mkono. Mlinzi akawekwa penye mlango ambao nyumba ya pili haina. Mwanafunzi wa lahaja atalitambua jambo hili upesi: anayepiga marufuku neno "macho" hajamzuia Mmvita kusema "mato".

Wala si mchezo wa wasomi. Simu nyingi zinazobeba fedha za watu zina prosesa za ARM, na tangu toleo la 8 la mwaka 2017 Android huchuja maombi ya programu kwa njia ya namna hii. Jaribio lililofaulu kwenye Intel pekee halithibitishi lolote kuhusu simu hizo.

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice. Ilikuwa kazi ya kupongezwa, ila ilimsemea mtumiaji wa menyu, si fundi. Fundi anapoita kila kitu "kosa", ni rahisi alifute jaribio na kuiacha sera kama ilivyo (na wapo wafanyao hivyo!). Je, yahitajika kubuni maneno mapya? La hasha. Neno "hitilafu", lenye asili ya Kiarabu, hubeba maana ya tofauti na ya dosari kwa pamoja; ndilo hasa linalotakiwa hapa. "Dalili" na "kasoro" yapo pia. Taarifa ya mwanafunzi wa Ngoingwa yaweza kuandikwa hivi:

Dalili: faili limefunguka kwenye ARM. Kasoro: sera imetaja namba 257 badala ya jina la ombi. Hitilafu: namba za maombi hutofautiana baina ya prosesa. Rekebisho: sera ikague kwanza aina ya prosesa, na jaribio liendeshwe kwenye zote mbili.