Kalemie: Kampuni ikianguka, tribinali iko wapi?

Kila mkaaji wa Kalemie mwenye umri wa kutosha anajua maana ya Filtisaf. Kiwanda kile cha nguo kilianzishwa miaka ya 1940, mji ungali ukiitwa Albertville, na kwa mshahara wake watu walijenga, walioa na kusomesha watoto. Miaka ya 1990 mashine zilinyamaza. Jina limebaki, na pamoja nalo swali ambalo vijana wa leo wamelirithi kwa wazazi wao: kampuni ikifa, nani anazika, na nani anagawa mali ya marehemu?

Wengi hujibu haraka kwamba ni kazi ya gavana. Wengine wanaenda mbali zaidi: kama Kongo ingekuwa nchi ya shirikisho, jimbo la Tanganyika lingetunga sheria yake na kulinda watu wake. Mjadala huo wa fédéralisme ni wa zamani katika Katanga yote, na haukuisha mwaka 2015 wakati Tanganyika ilipokatwa na kuwa jimbo lenyewe. Lakini katika jambo hili la madeni na kufilisika, wanaousukuma wanakosea njia.

Waangalie Marekani, ambayo ni shirikisho kweli kweli. Huko kila jimbo lina magavana, mabunge na tribinali zake, lakini sheria ya kufilisika iliwekwa na Katiba yao mikononi mwa bunge la taifa. Majimbo yanaachiwa mambo fulani tu, kama kusema ni mali gani ya mdaiwa isiyoguswa. Texas na Florida, kwa mfano, zinalinda sana nyumba anayoishi. Mji wa Detroit ulipofilisika Julai 2013, ukiwa na madeni ya karibu dola bilioni 18, wastaafu wa mji walikimbilia katiba ya jimbo lao la Michigan, inayokataza kupunguza malipo yao ya uzeeni. Jaji wa taifa aliamua Disemba mwaka ule kwamba sheria ya taifa inapita ile ya jimbo, na malipo yale yanaweza kuguswa. Hilo ndilo shirikisho ambalo watu wanaliota.

Kwetu, kifungu cha 202 cha Katiba ya 2006 kimeweka sheria ya biashara mikononi mwa serikali ya kati. Na hata Kinshasa yenyewe haiandiki tena sheria hii peke yake. Tangu tarehe 12 Septemba 2012 Kongo ni mwanachama wa OHADA, umoja wa nchi 17 wenye sheria moja ya biashara. Amri ya Wabelgiji ya 1934 juu ya faillite imepisha sheria ya OHADA, iliyofanyiwa marekebisho Septemba 2015, na tribinali ya juu kabisa iko Abidjan. Kwa maneno mengine, mfanyabiashara wa Kalemie na mwenzake wa Douala wanafilisika kwa sheria ileile.

Na sheria yenyewe si mbaya. Mwenye kampuni anayeona mambo yanaharibika, lakini bado analipa, anaweza kuomba mapatano na wanaomdai, mbele ya msuluhishi, kwa siri, kwa miezi mitatu inayoweza kuongezwa mmoja. Akishindwa kabisa kulipa, ana siku 30 za kujitangaza kwenye grefe. Hapo tribinali inaamua kama kampuni inaweza kuokolewa au iuzwe. Wanaodai wanasimamishwa wote pamoja, ili mwenye nguvu au mwenye rafiki polisi asibebe magunia yote usiku. Hata biashara ndogo, isiyozidi wafanyakazi 20, imewekewa njia nyepesi. Mali ikiuzwa, gharama za tribinali zinatoka kwanza; majengo na viwanja vikiuzwa, sehemu ya mishahara inayolindwa na sheria inatangulia hata benki yenye hipoteki. Watu wangapi Kalemie wanajua kwamba mfanyakazi asiyelipwa ni mdai, na kwamba mdai mwenye deni la hakika lililofika siku yake anaweza mwenyewe kupeleka kampuni tribinali?

Wachache, bila shaka. Kinachoonekana ni kingine. Duka linafungwa usiku, mwenye nalo anapanda mashua, asubuhi wanaomdai wanakutana mlangoni. Anayekamatwa analala kwa polisi kwa deni ambalo, kama hakuna udanganyifu, si kosa la jinai. Anayefilisika anaona aibu, na mbele ya aibu na kamata-kamata, kukimbia kunaonekana akili.

Tazama sasa shirika la reli, SNCC. Treni ilifika Kalemie mwaka 1915, na nusu ya historia ya mji imepita juu ya reli ile. Malimbikizo ya mishahara ya SNCC yamejulikana nchini kwa miaka mingi. Mageuzi ya mwaka 2008 yaliifanya kuwa kampuni ya biashara, na sheria ya OHADA inagusa pia kampuni za serikali zilizochukua umbo hilo. Aprili 2018, katika kesi ya mdai mmoja dhidi ya Grands Hôtels du Congo, Abidjan ilisema kwamba kampuni ya aina hiyo haiwezi kujificha nyuma ya kinga eti kwa sababu serikali ina hisa ndani yake. Mlango upo basi. Lakini kesi hufunguliwa pale kampuni ilipo na makao makuu, na ya SNCC yako Lubumbashi. Mzee wa reli wa Kalemie, asiyelipwa, aanze safari na avoka wake kwa nauli gani?

Hapo ndipo kuna kazi ya jimbo. Sheria ya Julai 2001 iliyounda tribinali za biashara ilisema kwamba pasipo na tribinali hizo, tribunal de grande instance ndiyo inayoamua. Wabunge wa Tanganyika wadai majaji waliofundishwa sheria hii, na grefe inayopokea maombi bila kumzungusha mtu. Wadai pia orodha ya wasimamizi wa kufilisi wanaoishi hapa hapa, na parquet inayotumia haki yake ya kupeleka tribinali kampuni iliyokufa kimya kimya. Gavana hahitaji katiba mpya ili kuomba hayo Kinshasa. Sandika nazo zina avoka. Ombi la kwanza la wafanyakazi wasiolipwa linaweza kuandikwa mwezi huu.