Mafuta hayana maji

Kipupwe kikiingia, watu wa Njombe, Mbeya na Limuru huanza kupauka: miguu hupiga weupe, visigino hutoa magaga, midomo hupasuka. Ndipo ushauri unapomiminika. Paka nazi, paka asali, sugua kwa limao na sukari, achana na mafuta ya dukani kwa kuwa yana kemikali. Nazi naiheshimu. Kinachonisumbua ni kipimo tunachotumia, cha kuuliza kwanza kama dawa ni ya asili au ya kiwandani, kana kwamba ngozi inajua mafuta yalikotoka. Ngozi inajua jambo moja tu: maji yake yamebaki au yametoroka.

Tabaka la juu la ngozi limepangwa mithili ya paa la makuti. Seli bapa zilizokufa zimelaliana, na mafuta ya mwili yanaziba mianya iliyo kati yake. Sabuni ya mche, ambayo wengi huogea ingawa ni ya kufulia, ina pH ya 9 au 10, ilhali ngozi ina uasidi kidogo, karibu 5. Ongeza maji ya moto na dodoki gumu, mafuta yale yanaondoka pamoja na jasho, kisha upepo mkavu unamalizia kunyonya maji. Sasa mafuta ya nazi hayana maji ndani yake, wala ya alizeti, wala ya mgando. Kazi yake kubwa ni kufunika. Anayejipaka saa nzima baada ya kuoga anafunika ukavu. Anayejipaka dakika chache baada ya kujifuta, mwili ukiwa bado na unyevunyevu, anafungia maji ndani. Kuacha sabuni kali na kuwahi kujipaka hakugharimu hata shilingi, na ndiyo tiba ya asili inayosahaulika kuliko zote.

Ushahidi nao haufuati mpaka wa asili na kiwanda. Mwaka 2004 watafiti wa Ufilipino walilinganisha mafuta ya nazi na mafuta yatokanayo na petroli kwa wagonjwa wa ngozi kavu, na yote mawili yakasaidia kwa kiwango kilichokaribiana. Mwaka 2013 utafiti wa Uingereza ulionyesha kwamba mafuta ya zeituni, yanayosifiwa kila mahali, yalidhoofisha kinga ya ngozi za watu waliojitolea, lakini ya alizeti hayakuidhuru. Yote mawili yametoka shambani na yote yanaliwa! Huko Bangladesh, mafuta ya alizeti yalipopakwa watoto njiti hospitalini, maambukizi yalipungua kwa asilimia 41, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2005. Singida na Dodoma tunalima alizeti kwa wingi, ila mawazo yetu juu yake huishia kwenye kikaango.

Nitaambiwa kwamba bibi zetu wa pwani walijipaka nazi maisha yao yote na ngozi zao ziling'aa. Ni kweli, na sioni sababu ya kuwaachisha wajukuu wao. Lakini hewa ya Lamu au Pemba imejaa mvuke wa bahari, na kinachotosha huko huenda kisitoshe Makambako mwezi wa Julai. Wengine huogopa mafuta ya mgando kwa sababu chanzo chake ni petroli. Yakisafishwa vizuri hukaa juu ya ngozi na kuzuia maji kutoka kuliko karibu mafuta yote ya mimea, ingawa yananata na joto likizidi hukera. Wanaohofia losheni za dukani wana hoja pale zinapotiwa manukato, maana hayo huwasha ngozi iliyochubuka. Tuchague zisizo na harufu. Limao, kwa upande wake, lina pH ya karibu 2, na maji yake yakipigwa na jua mwilini huweza kuacha malengelenge na madoa meusi. Uasili wake hauyapunguzi.

Kuna ukavu ambao mafuta hayauwezi. Mwasho unaodumu wiki kadhaa unaweza kutokana na kisukari, figo au tezi ya shingo, na vipimo vyake viko hospitalini. Na mwasho unaozidi usiku, wenye vipele kati ya vidole, huenda ni upele. Kila siku inayopotea kwa kubadilisha mafuta, vijidudu vyake vinahamia kwa mtoto anayelala kitanda kimoja na mgonjwa.