Damu ya Mguuni Si Chafu

Mtu akionyesha mguu wenye mishipa iliyotuna na kujisokota, hakosekani wa kumwambia: hiyo ni damu chafu, nenda ukaumikwe. Ushauri hutolewa kwa wema, na ni wa hatari.

Ushahidi wa waumikaji ni rangi. Tazama, wanasema, ilivyo nyeusi! Lakini nenda maabara ukatolewe damu mkononi kwa sindano, utaona weusi uleule hata kama u mzima kama kigongo. Damu ya vena imekwisha kuacha sehemu ya oksijeni yake mwilini, inarudi moyoni. Basi.

Kilichoharibika ni vali. Damu hupanda kutoka miguuni kwa kusukumwa na misuli ya vigimbi, na vali ndani ya vena huizuia isishuke tena. Urithi, mimba, umri, unene na kusimama kutwa huchangia kuzilegeza. Damu ikishuka inatuama, mshipa unatanuka. Toa kikombe, toa ndoo: vali mbovu imebaki palepale.

"Mbona nilipoumikwa nilipata nafuu?" Ulilala, mguu ukapumzika, damu ikapata njia rahisi ya kurudi. Ungelala kwako, miguu juu ya mito, nafuu hiyo ungeipata bure, tena bila wembe. Na wembe ndio unaonitisha. Ngozi juu ya mishipa hii huwa nyembamba, na jeraha karibu na kifundo laweza kugeuka kidonda cha miezi. Damu ikibubujika, mlaze mtu, inua mguu, kandamiza kwa nguvu, usifunge kamba.

Tiba yenyewe inakwenda kinyume kabisa na kuumika: mshipa haukamuliwi, unazibwa. Baada ya kipimo cha ultrasaundi, huzibwa kwa joto la leza au mawimbi ya redio, au kwa sindano ya povu. Pengine huondolewa kwa upasuaji. Damu hupita vena zilizo nzima. Katika jaribio la Uingereza lililochapishwa 2018, wagonjwa wote wa vidonda walifungwa bandeji za kubana. Nusu ya waliozibwa mshipa mapema walipona ndani ya siku 56, waliocheleweshwa siku 82.

Ni ghali, na hospitali zenye vifaa hivyo ni chache, sikatai. Soksi za kubana na kutembea viko karibu zaidi, mradi daktari apime kwanza ateri za mguu, hasa kwa mwenye kisukari au mvutaji sigara, maana mguu usiofikiwa na damu ya kutosha hudhurika ukibanwa. Mwumikaji hana kipimo hicho, wala hajawahi kukiulizia.