Usiache Mbachao: Tarakilishi Kuukuu ya Michezo au Mpya?

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Wahenga hao hao wakasema usiache mbachao kwa msala upitao. Mpenzi msomaji, methali hizi mbili zimekuwa zikishikana mieleka bwenini mwetu tangu muhula wa kwanza. Kila usiku baada ya prepu utawasikia vijana wakibishana kuhusu tarakilishi za nyumbani kwao ambazo zimezeeka, na sasa michezo inakwama kila dakika. Je, mtu aiongezee nguvu ile aliyo nayo au aunde nyingine kuanzia mwanzo? Wengi wanapiga kura ya mpya. Mimi nasimama upande wa kuukuu, ingawa si kwa upofu, na ninaomba mnisikilize hadi tamati kabla ya kunizomea.

Najua walimu wetu wapendwa watauliza, mwanafunzi na michezo ya tarakilishi wapi na wapi? Swali hilo ni halali. Lakini mashine inayocheza kandanda ya kwenye kioo ndiyo hiyo hiyo inayofanya mradi wa somo la Kompyuta, na ndiyo inayohariri video za harusi na kuleta unga nyumbani. Tena pesa zitakazotumika si zetu. Ni za mzazi aliyeamka saa kumi alfajiri kwenda sokoni. Sisi wa Kidato cha Nne tutarudi nyumbani baada ya mtihani tukae miezi mingi, na ndugu zetu wa Gredi ya Kumi watakuwa likizoni. Wengi wetu tutakwenda kumlilia mzazi. Afadhali tujue tunalilia nini.

Kwanza kabisa, tuelewe kuwa tarakilishi si kitu kimoja bali ni jamii ya vifaa. Kuna prosesa, ambayo ndiyo bongo. Kuna kadi ya michoro, inayochora kila picha unayoiona kwenye kioo. Kuna kumbukumbu ambayo mafundi huiita RAM, kuna diski ya kuhifadhi, kuna pawa saplai ya kugawa umeme, na kuna ubao mama unaoviunganisha vyote. Mpini wa jembe ukivunjika, hakuna mkulima anayetupa jembe. Anachonga mpini mwingine na kurudi shambani. Basi mbona tarakilishi ikikwama tunataka kuitupa yote?

Jambo la pili, mgonjwa hupimwa kabla ya kupewa dawa. Kama unatumia Windows 10 au 11, anzisha mchezo, kisha ubonyeze Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja uone ni kifaa gani kinachohema. RAM ikiwa imejaa pomoni, dawa ni RAM. Diski ikiwa asilimia 100 kila mara mchezo unapopakia sehemu mpya, diski ndiyo inayokuchelewesha. Kuna kipimo kingine rahisi. Punguza ukubwa wa picha ndani ya mchezo, tuseme kutoka 1080 hadi 720. Mwendo ukipanda, kadi ya michoro ndiyo iliyolemewa. Usipopanda, shuku prosesa. Aidha, fungua kasha utazame vumbi. Prosesa ikipata joto kupita kiasi hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue, na wewe utadhani imezeeka kumbe feni imezibwa tu. Vipimo vyote hivi havigharimu hata ndururu.

Nitatoa mfano wa nyumbani kwetu. Kaka yangu ana tarakilishi ya mitumba, zile za ofisi zinazouzwa mjini kwa jina la ex-UK. Prosesa yake ni Core i5 ya kizazi cha nne, kizazi kilichotoka mwaka 2013. Ilikuwa na kijiti kimoja cha RAM cha GB 4, diski ya kuzunguka, na kadi ya GTX 750 Ti ya mwaka 2014. Mwanzoni mwa mwaka 2025 aliipeleka kwa fundi mmoja kwa sababu GTA V ilikuwa ikikwamakwama. Fundi hata hakuifungua. Alisema, "Hii imekufa, bwana. Niachie kwa elfu sita, nikuundie mpya kwa elfu themanini na tano."

Kaka alirudi macho yakiwa kwa pesa za mama. Zamu ya mama katika chama chao ilikuwa imefika, shilingi 40,000, nazo zilikuwa zimetengwa kwa karo yangu. Kaka naye alikuwa na hoja yake, kwamba mashine ikiwa na kasi atapata kazi nyingi za video na pesa zitarudi. Wee! Usiku huo nyumbani hakukulalika. Mama hajui RAM ni mnyama gani, lakini aliuliza swali moja tu: "Sasa baba, ni nini hasa kilichokufa?" Hakuna aliyeweza kumjibu, kwa kuwa hakuna aliyekuwa ametazama.

Kesho yake tuliifungua wenyewe. Tulipangusa vumbi, tukapima kama nilivyoeleza, tukakuta RAM imejaa na diski imelemewa. Tulinunua SSD ya SATA ya GB 240 na vijiti viwili vya RAM ya mitumba vya GB 8 kila kimoja, jumla shilingi 6,500. Diski ya kuzunguka husoma takriban MB 100 hadi 150 kwa sekunde, ilhali SSD ya SATA hufika takriban MB 500. Navyo vijiti viwili vikiwekwa katika nafasi zinazofaa, prosesa husoma kupitia njia mbili badala ya moja. GTA V ilipotoka kwa tarakilishi mwaka 2015, waundaji wake walipendekeza RAM ya GB 8, na kaka alikuwa na nusu yake! Baada ya hapo mchezo ulitiririka kama maji ya mto, video za harusi zikawa hazimkeshi tena, na karo ikalipwa.

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu. Mjadala wa kuukuu na mpya umewekwa vibaya. Kabla ya kununua kifaa chochote, jiulize: siku nitakapounda tarakilishi mpya, kifaa hiki kitahama nami? SSD inahama. Kadi ya michoro inahama. Pawa saplai nzuri ya vipimo vya kawaida inahama. Lakini RAM ya DDR3 haihami. Mbao za siku hizi zinataka DDR4 au DDR5, na pengo lililochongwa kwenye kijiti liko mahali tofauti, kwa hivyo hata ukilazimisha hakiingii. Prosesa ya zamani nayo huzikwa pamoja na ubao wake. Basi kinachohama, kinunue kizuri. Kisichohama, kinunue cha mitumba kwa bei ya chini, au usikinunue kabisa. Anayefuata kanuni hii anajenga mashine mpya polepole huku akiendelea kuitumia ya zamani. Haba na haba hujaza kibaba.

Hata hivyo, wenye mashine za ex-UK wawe waangalifu. Nyingi zina pawa saplai ya umbo la kampuni yenyewe. Kwa mfano, Dell OptiPlex 9020 hutumia kiunganishi cha pini 8 kwenye ubao badala ya kile cha kawaida cha pini 24, kwa hivyo huwezi kuingia dukani ukachukua pawa saplai yoyote. Tundu la kadi kwenye ubao hutoa umeme wa wati 75 hivi, basi. Chagua kadi inayotosheka na hizo, kama vile GTX 1050 Ti ya mwaka 2016 au GTX 1650 ya mwaka 2019, tena zile zisizodai waya wa ziada. Kasha likiwa jembamba, tafuta kadi fupi. Kadi kubwa ndani ya kasha la ofisi ni sawa na injini ya lori juu ya bodaboda.

Sasa niwape wapinzani wangu haki yao, kwani wana hoja tatu nzito. Hoja ya kwanza ni kuwa kuna mbao zilizofika mwisho wa njia. Ubao wa Intel wa mwaka 2015 haukuruhusiwa kupokea prosesa za kizazi cha nane zilizotoka mwaka 2017, ingawa ukitazama soketi zinafanana. Lakini wenye AMD ya soketi ya AM4 walikuwa na bahati. Ubao wa B450 wa mwaka 2018, baada ya kusasishwa programu yake, hupokea hata Ryzen 7 5800X3D iliyotoka mwaka 2022. Kwa hivyo usihukumu kwa umri pekee. Soma jina lililoandikwa kwenye ubao.

Hoja ya pili ni kwamba iko michezo isiyobembelezeka. Indiana Jones and the Great Circle ya Desemba 2024 na Doom: The Dark Ages ya Mei 2025 zinadai kadi yenye uwezo wa kufuatisha miale ya mwanga. GTX ya zamani, hata uisafishe kwa marashi, haitazicheza.

Hoja ya tatu inahusu usalama. Microsoft iliacha kuitunza Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, isipokuwa kwa waliojiandikisha kupata nyongeza ya mwaka mmoja. Windows 11 nayo inataka TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha nane kwenda mbele. Unaweza kuweka Linux na mashine ikaendelea kuishi, lakini baadhi ya michezo ya kushindana mtandaoni, kama Valorant, haikubali kuchezwa humo.

Sitazipinga hoja hizi. Kama mchezo unaoutaka ni mmoja wa hiyo, au unalazimika kubadilisha ubao, prosesa na RAM kwa mpigo mmoja, hapo hurekebishi tena. Unaunda mpya, na kuendelea kutia viraka ni kutwanga maji kwenye kinu. Ninachokataa ni kukimbilia huko kabla ya kupima.

Na kukimbia kuna gharama. Tangu miezi ya mwisho ya mwaka 2025 bei ya RAM ilipanda vibaya ulimwenguni, kwa kuwa viwanda vilielekeza bidhaa zao kwenye mitambo mikubwa ya akili unde. Mnamo Desemba 2025 kampuni ya Micron ilitangaza kuwa itaacha kuwauzia watu wa kawaida RAM na SSD za jina la Crucial. Mtu aliyetupa vijiti vyake vizuri vya DDR4 mwaka huo alijuta. Fauka ya hayo, kila tunachotupa kinakwenda mahali. Mwaka 2022 dunia ilizalisha taka za vifaa vya umeme tani milioni 62, na zilizothibitishwa kukusanywa na kuchakatwa ipasavyo hazikufika hata robo. Nyingine huishia majaani, zikachomwa, na moshi wake ukavutwa na watoto wa watu.

Kaka yangu ameanza kuweka akiba ya mashine mpya mwaka huu wa 2026, kidogo kidogo kutokana na harusi anazopiga video. Haendi mikono mitupu, kwani SSD tayari anayo. Sasa anatafuta kadi itakayoishi katika mashine zote mbili. Hajamgusa mama hata shilingi moja.

Ndugu zangu wanafunzi, likizo ikifika, fungueni makasha kabla ya kufungua mifuko ya wazazi. Nanyi wazazi mtakaolisoma jarida hili, mkiambiwa mashine imekufa, ulizeni ni kifaa gani, kimepimwaje, na kitakachonunuliwa kitahama au hakihami. Asiyeweza kujibu maswali hayo matatu asipewe pesa, awe fundi au awe mwana wa tumbo lako. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Mwanachama, Kidato cha Nne