Pedi Isiyo na Risiti Isifungwe

Ndugu zangu wenye magari ya zamani, kuanzia Bunju, Mapinga, Kerege na Zinga mpaka Bagamoyo mjini, nina neno kuhusu breki.

Mwezi uliopita, chini ya mwembe kwa fundi wetu, nilishika pedi iliyofunguliwa kwenye Noah ya abiria. Haikumaliza wiki tatu. Sehemu ya kusagika ilikuwa imebanduka kwenye bamba kama soli iliyokosa gundi, na chuma kitupu kikawa kinakwangua diski. Boksi lake lilikuwa na jina kubwa la Kijapani. Risiti, dereva hana. Asubuhi ile ile alikuwa amepeleka watoto shule.

Vijiweni tunabishana: jenyuini au ya kampuni nyingine? Tunabishania pembeni. Advics na Akebono hutengeneza breki za viwanda vya magari, Toyota ikiwemo, na pedi zao huuzwa pia kwenye maboksi ya majina yao wenyewe. Kwa Corolla ya miaka 25, hizo zinafaa kabisa. Kanuni namba 90 ya Umoja wa Mataifa, inayofuatwa Ulaya, inataka nguvu ya pedi mbadala isipishane na ya asili kwa zaidi ya asilimia 15. Iliyofaulu hupigwa alama ya E ndani ya duara. Ya kuogopwa ni feki. Na kwa kuwa hata alama hughushiwa, lazima tumjue muuzaji.

Sisi wa pwani tuna mtihani wa ziada. Hewa ya chumvi hula pini na pistoni za kalipa, pedi ikaisha upande mmoja. Mafuta ya breki nayo hunyonya unyevu. Yakichemka kwenye mteremko mrefu, unakanyaga pedali inazama mpaka chini. Kwa hiyo hata pedi nzuri haitakuokoa kama mafuta hayajabadilishwa kwa miaka.

Mtu mmoja akilalamika dukani, hasikilizwi. Madereva ishirini wa kituo kimoja watasikilizwa. Basi kila kituo kichange, kinunue pedi kwa pamoja kwenye duka linalotoa risiti ya EFD. Mafundi, tunawaomba: pedi isiyo na boksi wala risiti msiifunge, hata mteja akinuna, na zile mbovu zikateni kwa grenda zisirudi sokoni. Tukiuziwa feki, tubebe pedi, boksi na risiti, twende kwa pamoja TBS au Tume ya Ushindani, yenye jukumu la kupambana na bidhaa bandia chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963.

Hatuwezi kukagua magari yote kwa siku moja. Tuanze wiki hii na yanayobeba wanafunzi: gurudumu lifunguliwe, pedi itazamwe, mzazi awepo.