Kabla Hujasema "Nunua Mpya"

Ukiwa mwanachuo kwenye ukoo kama wetu, basi wewe ni fundi. Unasoma nini, hakuna anayeuliza. Mimi nasoma ualimu, masomo yangu ya kufundishia ni Kiswahili na Historia, lakini nikifika nyumbani likizo napokelewa na simu mbili zenye vioo vilivyopasuka, redio moja iliyokaa kimya tangu Pasaka, na kauli ile ile: "Wewe msomi, hebu itazame hii." Najua wengi wenu mnaosoma hapa mnanielewa.

Likizo iliyopita nililetewa jambo zito zaidi. Mama mkubwa, dada yake mama, ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi kule Kilosa. Alipostaafu alifungua kibanda cha steshenari. Anachapa mitihani ya shule za jirani, barua za kuomba kazi na mihtasari ya vikao vya vikundi. Ukifika msimu wa maombi ya vyuo na mikopo, anawajazia vijana fomu mtandaoni. Kazi yote hiyo inategemea kompyuta moja ya mezani, aliyoinunua ikiwa imeshatumika na wengine. Siku hizi akiiwasha asubuhi anafagia kibanda, anapanga karatasi na kunywa chai, na bado haijawa tayari kufungua faili. Nilipima kwa saa ya simu: dakika 11. Mteja mwenye haraka hasubiri dakika 11. Anavuka barabara.

Kwenye grupu la WhatsApp la ukoo uamuzi ulikuwa umeshapita kabla sijafika. Binamu yangu aliyeko Dar aliandika, "Hilo ni kopo, litupwe. Anunue laptopu mpya." Bei aliyotaja ni shilingi 650,000. Michango ikafika 180,000, ikagoma hapo. Zilizobaki 470,000 mama mkubwa alijiandaa kuzikopa kwenye kikoba chao kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi. Fanya hesabu: mwezi wa kwanza peke yake riba ni 47,000, kwa mtu anayechapa karatasi moja kwa shilingi mia kadhaa. Mimi nikaulizwa jambo moja tu: tumchagulie ipi?

Kusema ukweli nilikaribia kujibu. Ukijibu haraka unaonekana unajua. Kilichonizuia ni aibu ya mwaka juzi.

Mwaka juzi baba mdogo aliniuliza swali kama hilo kuhusu laptopu yake nzito ya zamani. Bila hata kuifungua nikamwambia, "Baba, hiyo imepitwa na wakati, chukua mpya." Akachukua mpya ya bei nafuu, nyembamba, bado iko kwenye boksi lake. Ndani ilikuwa na ramu ya GB 4 iliyochomelewa kwenye bodi, haiongezeki, na hifadhi ya GB 64 ambayo mfumo na masasisho yake viliila karibu yote kabla hajaweka hata picha za harusi ya binti yake. Baada ya miezi minne ilikuwa nzito kuliko ile niliyomkataza. Ile ya zamani tulimuuzia fundi kwa 40,000. Fundi akaiwekea vipuri viwili na anaitumia mpaka leo. Kila nikipita dukani kwake ananisalimia kwa uchangamfu mkubwa mno.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii: sisi wanachuo tunawaingiza wazee wetu hasara kwa ushauri tunaoutoa bila kupima. Upya wa mashine si dawa ya uzito. Dawa ni kujua kwanza uzito unatoka wapi.

Na kwa sisi wa ualimu hili halipaswi kuwa geni. Ukienda mazoezi ya kufundisha ukakuta mwanafunzi wa mwisho darasani, huandiki barua ya kumfukuza. Unampima. Haoni ubaoni? Hajala? Alikosa msingi wa darasa la tatu? Ukijua tatizo ndipo unajua la kufanya. Mbona kompyuta ya mama tunaifukuza shule kabla ya jaribio la kwanza?

Basi nilikaa na ile kompyuta saa nzima. Kwanza nilimuuliza mama mkubwa anaifanyia nini, nikaandika. Kuchapa, kuprinti, kujaza fomu, kutuma barua pepe. Hachezi michezo, hahariri video. Kisha nikabonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Pale inaonekana nini kinatumika na kwa kiasi gani. Prosesa ilikuwa imetulia, haifanyi kazi ya maana. Ramu ilikuwa GB 4, karibu imejaa. Diski ilikuwa asilimia 100, haishuki.

Kwa asiyejua: ramu ni kama meza ya mwalimu, na diski ni kabati la vitabu. Meza ikiwa ndogo, mwalimu anarudi kabatini kila dakika. Na diski ya zamani ni kabati la polepole, kwa sababu ndani yake kuna sahani inayozunguka na mkono unaohama huku na huku kutafuta kilipo kitu. Diski za sasa, zile zinazoitwa SSD, hazina kinachozunguka. Ndiyo maana mashine ile ile, kwa prosesa ile ile, inaweza kuamka kama imezaliwa upya kwa kubadilishiwa kabati na kupanuliwa meza.

Hapo ndipo mama mkubwa aliponiambia kwamba alishaitengeneza mara tatu. Kila ikiwa nzito anaipeleka kwa fundi wa mjini, fundi "anapiga Windows", anachukua 20,000, mashine inakwenda vizuri wiki tatu, kisha inarudi kule kule. Jumla 60,000 zimekwenda, na mara ya pili mafaili ya mwaka mzima yalikwenda nayo. Kupiga Windows si kosa, kuna siku ndiyo dawa. Ila kumpa kila mgonjwa panado si uganga.

Sasa vipuri. Nilivinunua Kariakoo niliporudi Dar kwa shughuli nyingine: SSD ya GB 240 kwa 75,000 na ramu nyingine ya GB 4 kwa 30,000. Kabla ya kugusa chochote tulinakili mafaili yake yote kwenye diski ya nje tuliyoazima kwa mwalimu mwenzake. Jamani, hii msiiruke hata kama mna haraka kiasi gani. Kijana mmoja wa pale Kilosa akanisaidia kufunga kwa 10,000, tukafuta na vumbi ambalo lingetosha kupanda mchicha. Jumla 115,000. Ikawaka kwa sekunde 40. Mama mkubwa aliizima akaiwasha tena, kuhakikisha.

Ningeishia hapo makala ingekuwa tamu, lakini nisingekuwa mkweli. Binamu yangu naye ana hoja, tena nzuri. Prosesa ya mashine ile ni ya kizazi cha nne, familia iliyoanza kutoka mwaka 2013. Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa prosesa za Intel inadai kwa ujumla kuanzia kizazi cha nane. Kampuni imetoa nafasi ya kujiandikisha kwa masasisho ya mwaka mmoja zaidi, na baada ya hapo basi. Kwa mtu anayechapa barua tu, unaweza kusema si neno. Lakini mama mkubwa anaingiza namba za vitambulisho na nywila za watoto wa watu. Usalama wa mashine yake ni usalama wao pia.

Nilimwonyesha njia nyingine. Niliweka Linux Mint kwenye flashi, tukaiwasha kutoka hapo bila kufuta chochote, tukafungua mitihani yake kwa LibreOffice. Vyote hivi ni bure, na mashine ya umri ule inavibeba. Wala tusiseme ni mambo ya ugenini. Mwaka 2004 mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na washirika kutoka Sweden ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili, na LibreOffice imetoka kwenye ukoo huo huo wa OpenOffice. Mama mkubwa alitazama, akapitisha kidole kwenye kioo, akasema, "Mwanangu, mistari ya jedwali langu imehama. Mwalimu mkuu atanirudishia." Alikuwa sahihi. Ilikuwa imehama.

Kisha akasema jambo ambalo hakuna aliyemuuliza kwenye grupu: "Mimi siogopi hii kuwa nzito. Naogopa mniletee kitu nisichokijua, nianze upya kuwa mwanafunzi mbele ya wateja." Siku zote tulikuwa tunabishana kuhusu mashine. Yeye alikuwa anafikiria heshima yake pale kibandani.

Basi yeye ndiye aliyeamua. Ile ya zamani itaendelea, imejiandikishwa kwa mwaka wa nyongeza. Zile 65,000 zilizobaki kwenye michango hazikurudishwa, zimekaa kwenye akaunti ya simu kama mbegu, na kila mwezi anaongeza kidogo kutoka kwenye faida. Siku ya kununua ikifika atanunua kwa fedha yake, bila kikoba, na atakuwa anajua anachokitaka: ramu ya GB 8, SSD, prosesa inayokubaliwa na mfumo mpya, hata kama ni iliyotumika. Binamu aliandika kwenye grupu, "Mmeahirisha tu." Ndiyo, tumeahirisha. Kuahirisha kwa 115,000 badala ya kukopa 470,000 ni uamuzi, si uzembe.

Sisemi kila kopo lifufuliwe. Kama bodi imeungua, kama ramu haiwezi kuongezwa na kazi imezidi, au kama matengenezo yanakaribia nusu ya bei ya nyingine iliyo bora, nunua bila majuto. Ila nayo ya zamani usiitupe jalalani. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za umeme na elektroniki, kwa mujibu wa ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024, na chini ya robo ndiyo iliyothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Mpe fundi, vipuri vyake vitamfaa mwingine.

Ombi langu kwa serikali yetu ya wanafunzi ni dogo. Kila mwisho wa muhula tuna bonanza, tuna usiku wa mavazi. Tuongeze mchana mmoja tu, wenzetu wa kompyuta watufundishe sisi wengine kupima mashine: kusoma ile kurasa ya Ctrl, Shift na Esc, kunakili mafaili, kutambua diski inayokufa. Haihitaji bajeti. Inahitaji ukumbi na soketi zinazofanya kazi.

Maana likizo inakuja. Utashuka stendi na begi lako, utaamkia wakubwa, utakula, na kabla hujaoga kuna mtu atakuletea mashine na kukuita msomi. Usimjibu hapo hapo. Muulize anaifanyia kazi gani, kisha vuta kiti ukae nayo saa moja.